Jani Nililolipeleka Sanya Juu

Mume wangu alikubali kufa kabla mimi sijakubali, na hilo liliniudhi kuliko ugonjwa wenyewe.

Mambo yalianza na chakula kukwama. Ndizi na nyama zilimkalia kifuani, akawa anateremshia maji, anajipigapiga mgongo, anasema ni haraka tu. Mimi nikamsema kwamba anakula kama mtu anayefukuzwa. Baadaye ugali ukagoma kupita, wali ukagoma, tukabaki na mtori, ile supu ya ndizi, na mtori wenyewe nikawa naupekecha mpaka unakuwa mwepesi kama uji wa mtoto. Kwenye hospitali kubwa mjini Moshi walimpitisha mpira wenye taa kooni wakaona uvimbe. Daktari alituambia unaweza kuondolewa kama hatutachelewa, akatupangia Alhamisi ya juma lililofuata. Hakuzunguka. Alisema wapo wanaoamka baada ya upasuaji ule, na wapo wasioamka.

Tukirudi nyumbani Kibosho nililia mpaka pua ikaziba. Yeye alikuwa anatazama mashamba tu. Ilikuwa miaka ile ya tisini, wanunuzi binafsi wa kahawa wameanza kupandisha pikapu zao mpaka milangoni mwa watu, na jirani zetu wengine, wamechoshwa na bei, wanang'oa mibuni wapande nyanya. "Hawa watajuta," akasema. Nikamwuliza, mtu umeambiwa una uvimbe kooni, unapata wapi moyo wa kufikiria mibuni ya watu? Akanishika mkono akasema, "Mungu yupo, mke wangu." Maneno hayo nilikuja kuyachoka.

Si kwamba mimi sina imani. Nimebatizwa mchanga, rozari nasali, mfungo siuruki. Ila imani yangu ina mdomo. Nikimwomba Mungu namwuliza na maswali, na nikiona kimya nauliza tena. Mume wangu alikuwa haulizi. Kila asubuhi, kabla jua halijatoka vizuri, alikaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, akazungumza na Mungu kwa Kichagga, sauti ya chini, kama watu wawili waliokua pamoja. Nikipita na ndoo ya maziwa ananyamaza. Nikishapita anaendelea. Jamani, niliona wivu. Mtu nimelala naye kitanda kimoja tangu ujana, hofu yake hanipi, machozi yake hanipi, vyote anavibeba alfajiri anampelekea mwingine, kisha anarudi kwangu uso umenyooka ananiambia Mungu yupo. Kwamba yupo nilijua. Nilitaka kujua wanaongea nini.

Nilimwuliza siku moja. Akasema wanaongea mambo ya kawaida. Nikamwambia mimi pia ni mtu wa mambo ya kawaida, anijaribu. Akacheka kidogo, akakohoa, nikaona aibu ya kumchekesha mgonjwa wa koo, nikaenda zangu jikoni.

Jumapili ile paroko alikuja kumwona baada ya misa. Alikaa sebuleni, chai ikampoa mkononi, akasema angependa kumpa sakramenti ya mpako wa wagonjwa kabla hajalazwa. Mama mkwe wangu, ambaye tuliishi naye, alifanya ishara ya msalaba. Mimi nikashukuru. Mume wangu akatikisa kichwa.

"Bado, padre. Kuna mtu ana kinyongo na mimi."

"Mtu gani?" niliuliza mimi, padre hajafungua hata mdomo.

Hakuniangalia. Alimtaja, tena kwa jina lake la usichana, jina ambalo halikuwahi kutamkwa ndani ya nyumba yangu tangu niingie na sanduku langu.

Niseme huyu ni nani. Kabla yangu mume wangu alikuwa na mchumba. Wala haukuwa uchumba wa maneno. Pombe ya posa ilikuwa imeshapelekwa nyumbani kwa baba wa msichana, wazee wameshainywa, siku imeshaanza kutafutwa. Halafu tukakutana mimi na yeye kwenye kwaya, na yeye akakata mguu kule. Hakutuma mzee, hakutuma hata mtoto. Yule msichana alikaa na aibu yake, baadaye wazazi wake wakapata shamba Sanya Juu, wakahama naye. Huko aliolewa, akafiwa na mume, na sasa alikuwa anauza maharage sokoni. Haya yote nilikuwa nayajua. Usiniulize nilijuaje.

Padre alimwambia kwamba dhambi hiyo alishaiungama, Mungu ameshaifuta.

"Kwa Mungu nimeungama," mume wangu akasema. "Kwake bado. Siwezi kupakwa mafuta matakatifu huku mtu ananifikiria vibaya na mimi najua. Na bila mpako siingii kwenye kile chumba cha kupasuliwa."

Padre alinitazama akitafuta msaada. Hakuupata. "Baba watoto," nikasema, "na mimi je? Mimi hujawahi kunikosea?"

"Tutaongea," akasema.

"Lini?"

Mama mkwe akakohoa kikohozi chake cha kunifunga mdomo. Nikafunga, ila moyoni nilikuwa navimba. Mambo aliyonikosea mimi yalikuwa mengi, na niliyapanga vizuri. Kuna mwaka nilijifungua yeye akiwa kwenye mkutano wa ushirika, akarudi jioni na habari za mbolea. Kuna miaka mama yake alinisema mbele ya mawifi, yeye akatazama dari. Hakuna hata moja lililomnyima usingizi. Sasa kifo kimebisha hodi, anayemkumbuka ni yule wa Sanya Juu.

Lakini mambo yalikuwa yamesimama hivyo. Uvimbe unakua, Alhamisi inakuja, na uhai wa mume wangu uko mikononi mwa yule mwanamke. Akisamehe, atapakwa, ataenda kupasuliwa. Asiposamehe, atakaa kwenye kigoda chake mpaka na maji yagome kupita. Mume wangu ni mpole, lakini akishasema hapana amesema. Nilimfahamu.

Kwetu ukimkosea mtu kosa zito humwendei na maneno matupu. Unampelekea jani la isale, ule mmea tunaoupanda mipakani na makaburini, limefungwa fundo. Akilipokea amesamehe, na kulikataa ni jambo ambalo watu wanaliogopa mpaka leo, hata hao waliosoma. Mama mkwe alishuka mpakani mwenyewe na kisu, akalikata, akalifunga fundo, akaliweka juu ya meza. Akasema atamwita baba mdogo wa mume wangu alipeleke.

Baba mdogo huyo namheshimu, lakini ana mdomo. Angefika kule, angekaribishwa, angekula, angerudi ametuletea habari za jinsi yule mama alivyo mkarimu na jinsi alivyojaliwa, na mimi ningekaa kwenye kona yangu kusikiliza. Tena nilikuwa na hamu ya kumwona. Nilitaka kuona uso wake, mikono yake, nyumba yake, nijue mume wangu analala akiwaza nini.

"Nitalipeleka mimi," nikasema.

"Mke hapeleki isale," mama mkwe akasema.

"Kwa nini?"

"Ndivyo ilivyo."

Kwa mama mkwe wangu kila kitu kilikuwa ndivyo kilivyo, kuanzia jinsi ya kukata ndizi mpaka nani akae wapi, kwa hiyo sikujali. Mume wangu naye alikuwa amechoka kubishana, akasema basi aende, siku zinakwenda. Kesho yake nikavaa kitenge changu kizuri kuliko vyote, nikajifunga kilemba, nikapaka na mafuta ya kunukia niliyokuwa nayaweka kwa ajili ya Pasaka. Isale nikalifunga kwenye khanga, nikatia kikapuni.

Njia nzima nilisali rozari, nikagombana na Mungu katikati ya makumi. Nilimwambia, wewe unajua mimi sikumwiba mtu. Alikuja mwenyewe kwa miguu yake. Nilimwambia pia kwamba kama ni mapenzi yake kumponya mume wangu, amponye moja kwa moja, kwa nini anizungushe mpaka Sanya Juu. Kisha nikaogopa nikarudia Baba Yetu taratibu.

Sokoni waliniambia leo hayupo, yuko nyumbani anaanika. Walinielekeza. Nilikuwa nimejitengenezea picha ya mwanamke mkavu, amejikunja, mdomo umeingia ndani kwa uchungu wa miaka. Basi nikamkuta amenawiri, ngozi laini, meno yote yapo, amesimama juu ya turubai la maharage anayageuza kwa miguu huku anaimba. Nyumba ya matofali, bati jipya, maua mlangoni. Roho iliniuma.

Alinitambua hapo hapo. "Karibu, dada," akasema. Alinikaribisha ndani, akaniletea maziwa, akakaa mbele yangu akapangusa mikono. "Mgonjwa anaendeleaje?"

"Nani kakwambia kuna mgonjwa?"

"Habari zinafika. Tunamwombea kwenye jumuiya yetu kila wiki. Mimi ndiye ninayemtaja."

Nikaweka kikombe chini. Kumbe wakati mimi nahangaika na mtori, kule Sanya Juu kuna mwanamke anasimama mbele za watu kila wiki anamtaja mume wangu kwa jina lake, na watu wanaitikia twakuomba utusikie. Nani alimpa ruhusa? Na maombi yake yalikuwa yanasikilizwa kuliko yangu? Huenda ndiye huyo ambaye Mungu na mume wangu walikuwa wanaongea habari zake asubuhi, na mimi napita na ndoo. Niliyawaza yote hayo kwa wakati mmoja, na uso wangu nadhani ulionyesha, maana alisogeza kiti chake nyuma kidogo.

Sikuwa na hotuba. Nilifungua khanga, nikalitoa isale, nikamnyooshea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa.

Alilitazama muda mrefu. Macho yakamjaa maji. Akanyoosha mikono, akalipokea, akalishika kifuani.

"Nimekusamehe," akaniambia. "Mungu ni shahidi. Nilikuwa nasubiri siku hii, ila sikujua kwamba ungekuja kwa miguu yako."

"Mimi?"

"Wewe."

"Dada, hujaelewa. Jani ni la mume wangu. Mimi nimelileta tu."

"Kama lingekuwa lake, angemtuma mzee," akasema bila kupandisha sauti. "Aliyelishika ndiye anayeomba. Tumelelewa mlima mmoja, usiniambie hujui."

Hapo ndipo nilipoelewa ile ndivyo ilivyo ya mama mkwe wangu. Mke hapeleki isale, kwa sababu mke akilipeleka ameomba yeye. Nilikuwa nimevaa kitenge changu kizuri, nimepaka mafuta ya Pasaka, nimesafiri mpaka Sanya Juu kumpigia magoti mwanamke ambaye nilikwenda kumkagua.

"Lakini mimi sikukukosea," nikamwambia. Sauti yangu ilikuwa imepanda. "Mimi nilikuwa naimba kwaya. Alikuja mwenyewe."

"Hukunikosea?"

"Hata kidogo."

"Haya," akasema, akapangusa macho na upindo wa khanga. "Basi nimekusamehe bure."

Nilitamani kumnyang'anya lile jani. Mkono ulinyanyuka kabisa. Lakini nikamwona mume wangu kwenye kigoda chake, shingo imekuwa nyembamba, akisubiri jibu. Jani jipya lingetaka mzee na safari nyingine, na Alhamisi haikuwa inatungoja. Nikajikaza. Nikasema, "Asante." Katika maisha yangu yote sijasema neno gumu kama lile.

"Na yeye je?" nikamwuliza. "Yeye anataka msamaha wako. Bila huo hakubali kupakwa, na bila kupakwa hakubali kupasuliwa. Kama unataka afe, sema nijue."

Nje kuku walikuwa wanayaonja maharage, hakuwafukuza. Akasema, "La kwake nitampa mwenyewe, mdomo kwa mdomo. Nitakuja kesho." Hakuniuliza kama naruhusu. Na mimi, niliyekuwa nimeapa kwamba mguu wake hautakanyaga kizingiti changu, nikamwelekeza njia.

Alikuja kama alivyosema, na debe la maharage kichwani. Nyumba ilikuwa imejaa, maana wanajumuiya walikuwa wamekuja kusali, na paroko alikuwepo na kichupa chake cha mafuta. Wote walimjua yeye ni nani. Wote waliniangalia mimi. Nilimpokea debe, nikampa pole na safari, nikaenda kuketi mahali ambapo ningeona mikono yake yote miwili.

Alimwinamia mume wangu kitandani akamwambia kitu kwa Kichagga, chini chini. Mume wangu akacheka. Niliapa moyoni kwamba sijawahi kusikia kicheko kile tangu ugonjwa uanze, na labda hata kabla. Baadaye nilimwuliza amekwambia nini, akasema, "Kasema nimekonda." Mimi nilikuwa namwambia amekonda kila siku asubuhi, na sijawahi kumwona akicheka.

Kisha mume wangu akamwomba yule mama msamaha kwa mdomo wake. Hakupamba maneno. Alisema alikuwa kijana na alikuwa mwoga, na aibu aliyomwachia mwenzake ilipasa iwe yake. Yule mama akasema amesamehe. Watu wakapumua.

Mama mkwe, ambaye hajawahi kuacha jambo nusu, akaingia na kata la mbege, pombe yetu ya ndizi. Waliopatana kwetu wanakunywa kata moja, mmoja baada ya mwingine, ndipo jambo linakwisha. Yule mama akapiga funda lake, akampelekea mume wangu. Mume wangu akajaribu. Ilirudi yote, ikamlowesha kifua, akakohoa mpaka tukamshika mabega. Watu wakaanza kunong'ona. Wengine waliona kama ni ishara mbaya, nami nilimwona mume wangu akigeuza uso ukutani.

"Mpe mke wake," mama mkwe akasema.

"Mimi?"

"Padre aliwaambia ninyi ni mwili mmoja. Koo lako ni lake. Kunywa."

Wote tukamtazama padre. Na yeye ni mtoto wa mlima. Akasema, "Hilo ni lenu, mimi nasubiri langu," akatazama dirishani. Yule mama akaninyooshea kata. Pale pale kwenye ukingo, mahali alipokuwa ameweka mdomo wake, palikuwa bado pana unyevu. Nikaligeuza kata ninywe upande mwingine. Mama mkwe akaligeuza tena. Nikanywa. Nilikunywa hasira yangu, nikanywa na zile asubuhi za migomba, nikanywa mpaka nikaona chini, halafu nikampa kata lake. "Imekwisha," nikasema.

Mume wangu alikuwa ameugeuza uso wake kwetu. Padre akavaa stola, akampaka mafuta kwenye paji la uso na viganja. Tulisali sote, na nilimwona mume wangu akiitikia kila sala kama mtu aliyetua mzigo. Nilifurahi, kwa kweli nilifurahi, na bado wivu ulikuwa unanikaba hapo hapo kwenye furaha. Amani ile kaipata kwa Mungu, kaipata kwa yule mama, kaipata hata kwenye mafuta ya padre. Mimi kazi yangu ilikuwa kunywa.

Alhamisi asubuhi walimvalisha gauni la hospitali, wakamlaza kwenye kitanda cha magurudumu kwenye korido. Alinivulia rozari yake akanipa niishike. Uso wake ulikuwa mtulivu, anatazama taa za darini.

"Sasa hata ikiwa vinginevyo," akasema, "ni sawa."

Nikalipuka. Nesi alikuwepo, wagonjwa walikuwepo, sikujali. "Sawa kwa nani? Umeongea na Mungu kila asubuhi. Umepatana na yule wa Sanya Juu. Mama yako jana amekubariki. Hata jirani tuliyegombana naye kwa ajili ya mpaka wa shamba, umemwita mkashikana mikono. Mimi umeniambia nini, zaidi ya kwamba ng'ombe asikose majani? Watu wote umewaaga. Mimi unaniaga lini?"

Nesi akageukia ukuta. Mume wangu akaacha kutazama taa, akanitazama mimi. Mkono alionishika nao ulikuwa na baridi na unabana kwa nguvu. Mtu huyu nilidhani haogopi.

"Wewe sikuagi," akasema.

"Kwa nini?"

"Nikikuaga wewe nitaogopa. Nitashuka hapa kitandani nirudi nyumbani."

Wakamsukuma. Mlango ukafungwa.

Nilikaa kwenye benchi. Baada ya muda yule mama akatokea, sikuwa nimemwita, akaja akakaa mwisho wa benchi akatoa rozari. Sikumsogelea. Akaanza Salamu Maria, nami nikaitikia, maana Salamu Maria ya mtu huwezi kuiacha inaning'inia. Mdomo ulikuwa unaitikia, ila moyo ulikuwa na mazungumzo yake. Nilimwambia, Bwana, umesikia mwenyewe. Wote wameagwa, mimi sijaagwa. Huyu mtu hajamaliza kuondoka, usije ukamchukua. Sikumwuliza swali hata moja siku ile. Nilimweleza tu, nikamwachia, na nilishangaa kuona kwamba mikono yangu imetulia.

Walimtoa mchana, yuko hai. Alipona polepole, akajifunza kula kidogo kidogo, mtori kwanza, kisha ndizi laini, mpaka mwaka uliofuata nikamsema tena kwa kula haraka. Yule mama aliendelea kuja kila Krismasi na maharage yake, akakaribishwa, akala, na kila alipoinama kumwambia mume wangu kitu mimi nilikuwa na shughuli karibu yao. Sikubadilika. Mibuni yetu haikung'olewa, watoto walioa na kuolewa, tukazeeka.

Alikufa baada ya miaka mingi, kwa ugonjwa mwingine kabisa, moyo, na ulikuwa wa ghafla. Nilikuwa nimeshuka kukata majani ya ng'ombe. Nilipopanda nilikuta ameshakwenda, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Msibani wanawake walikuja kunishika mikono mmoja baada ya mwingine, wakinipa pole kwamba maskini, hata hakupata nafasi ya kukuaga. Yule wa Sanya Juu naye alisema hivyo hivyo, huku analia, ameketi karibu na jeneza kuliko nilivyopenda. Niliwaitikia wote asante. Sikuwaeleza kitu, wala yeye sikumweleza. Lile neno la koridoni lilikuwa langu.